Asidi Isiyoshikika: Kutoka Barafu Iliyobanwa kwa Almasi hadi Pumzi ya Mgonjwa

Kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika moja kamili ni kazi inayoonekana ndogo kuliko zote za wodini. Haihitaji umeme wala maabara. Inahitaji saa yenye mshale wa sekunde, na subira. Pengine ndiyo maana mara nyingi hesabu hiyo huandikwa kwa kukisia. Utafungua faili ukute 20, 20, 20, kutoka juu hadi chini ya ukurasa, kana kwamba mgonjwa huyo hajapanda wala kushuka tangu alipolazwa.

Makala haya yanakusudia kuirudishia kazi hiyo heshima yake. Njia tutakayopita ni ndefu kidogo, kwa kuwa inapitia maabara ambako maji na hewa ukaa hubanwa kati ya almasi mbili hadi vikawa barafu ya namna isiyopatikana katika jokofu lolote. Katika barafu hiyo wanasayansi walikikuta kitu ambacho kila mmoja wetu hukitengeneza na kukivunja ndani ya damu yake, mchana na usiku, bila kukiona. Kitu hicho ni asidi ya kaboni, na pumzi ndiyo mlango wake wa kutokea.

Gesi, maji na asidi

Kila seli inayotumia chakula kupata nguvu hutoa kabonidayoksaidi, gesi ambayo wengi wetu tunaiita hewa ukaa. Mtu mzima aliyepumzika hutoa takriban mililita 200 za gesi hii kila dakika. Kwa siku nzima uzito wake hupita nusu kilo. Mzigo huo wote hauna budi kusafirishwa na damu hadi mapafuni, na damu kwa sehemu kubwa ni maji.

Kabonidayoksaidi ikikutana na maji, baadhi yake huungana nayo na kuwa asidi ya kaboni. Asidi hiyo, mara tu inapozaliwa, huachia ioni ya hidrojeni na kubaki bikaboneti. Takriban sehemu saba katika kumi za kabonidayoksaidi ya mwilini husafiri katika sura hiyo ya bikaboneti. Kiasi kingine hushikwa na himoglobini, na kiasi kidogo huyeyuka tu katika damu kama gesi inavyoyeyuka katika soda. Mapafuni safari hugeuka: bikaboneti hurudi kuwa asidi, asidi hurudi kuwa maji na gesi, na gesi hutoka nje.

Mabadiliko hayo, yakiachwa yaende yenyewe, ni ya polepole mno. Yangehitaji sekunde nyingi, ilhali damu hukaa katika kapilari za mapafu kwa muda usiofika sekunde moja. Kitendawili hicho kiliteguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, pale Norman Meldrum na Francis Roughton walipotenga kutoka katika damu kimeng'enya kinachoharakisha kazi hiyo. Kimeng'enya hicho huitwa kaboniki anhidrasi. Kinafanya kazi kwa msaada wa chembe moja ya zinki iliyomo katikati yake, na aina yake iliyo hodari zaidi huweza kugeuza molekuli zipatazo milioni moja kwa sekunde.

Wapo wagonjwa wanaokijua kimeng'enya hiki kupitia dawa. Acetazolamide, inayotolewa kwa baadhi ya wenye glakoma, yaani presha ya macho, na ambayo wapandaji wengi wa Mlima Kilimanjaro humeza ili kujikinga na ugonjwa wa kimo, kazi yake ni kukizuia. Figo huanza kumwaga bikaboneti, damu huegemea kidogo upande wa asidi, na mpandaji hupumua zaidi kuliko alivyokuwa akipumua. Anayeitumia anaweza kuhisi ganzi ya vidole, au kushangaa kuona soda imepoteza ukali wake mdomoni. Soda haikuharibika. Ulimi hutegemea kimeng'enya hichohicho ili kuihisi gesi iliyomo.

Asidi iliyowakimbia wanakemia

Kwa muda mrefu wanafunzi wa kemia walifundishwa kwamba asidi ya kaboni huandikwa ubaoni lakini haishikiki mkononi. Ukiyeyusha kabonidayoksaidi katika maji, kwa kila molekuli moja ya asidi utakuta mamia ya molekuli za gesi ambazo hazijaungana na maji. Ukijaribu kuyakausha maji ili ubaki na asidi yenyewe, nayo huvunjika na gesi hupaa. Madaktari, kwa upande wao, waliamua kutosumbuka nayo. Katika hesabu iliyoanzishwa na Lawrence Henderson wa Marekani mwaka 1908, na kuendelezwa na Karl Hasselbalch wa Denmaki, gesi iliyoyeyuka na asidi huhesabiwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Hesabu hiyo hutumika hadi leo, na husaidia kuokoa maisha. Lakini ndani yake asidi imejificha nyuma ya gesi.

Je, asidi hii ni dhaifu kwa asili yake? Mwaka 2000 kikundi cha watafiti wa Innsbruck, Austria, kilitoa jibu lililowashangaza wengi. Kwa mahesabu yao, molekuli moja ya asidi ya kaboni ikiwa peke yake kabisa, bila maji karibu, ingeweza kudumu muda mrefu ajabu: nusumaisha yake ingekuwa takriban miaka 180,000. Kinachoivunja ni maji. Molekuli za maji zilizo jirani huipokea hidrojeni upande mmja na kuipeleka upande mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo kisimani, na asidi husambaratika. Basi maji yanayoizaa ndiyo pia yanayoiua. Kwa hiyo anayetaka kuiona asidi hii hana budi kuyazuia maji yasiifikie, au kuibana kwa nguvu ambayo haitaiachia nafasi ya kuvunjika.

Njia ya kwanza ilijaribiwa katika baridi kali. Mapema katika miaka ya 1990, watafiti wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, waligandisha maji na kabonidayoksaidi pamoja, kisha wakaipiga barafu hiyo kwa protoni, wakiigiza mionzi inayopiga barafu za angani. Ndani yake walitambua asidi ya kaboni. Baridi iliwafungia maji mikono. Njia ya pili ilikuwa shinikizo.

Kati ya almasi mbili

Mhudumu wa afya anaelewa shinikizo kuliko anavyodhani. Sindano hupenya ngozi kwa nguvu ndogo ya mkono kwa sababu nguvu yote imekusanywa katika ncha yake. Chombo kinachotumika katika utafiti wa shinikizo kubwa hufuata kanuni hiyohiyo. Almasi mbili zilizochongwa huelekezwa ncha kwa ncha, katikati yake huwekwa bamba jembamba la chuma lenye tundu dogo, na ndani ya tundu hilo hutiwa kitu kinachochunguzwa. Skrubu zikikazwa kwa mkono, shinikizo katika tundu hilo hufikia makumi ya maelfu ya angahewa. Na kwa kuwa almasi hupitisha mwanga, mtafiti anaweza kuchungulia na kupima huku mbano ukiendelea.

Katika mazingira hayo vitu tulivyovizoea hubadilika tabia. Percy Bridgman wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1946, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuonyesha kwamba barafu si moja. Maji yakibanwa kufikia karibu angahewa 10,000 huganda hata katika joto la chumba, na barafu inayopatikana huzama katika maji badala ya kuelea. Ili kulinganisha, shinikizo katika sakafu ya bahari, pale palipo na kina kirefu kuliko pote duniani, ni takriban angahewa 1,100 tu. Kabonidayoksaidi nayo, ambayo kwetu hugeuka kutoka gesi hadi barafu kavu moja kwa moja katika nyuzijoto 78 chini ya sifuri, hukubali kuganda bila baridi hiyo ikibanwa vya kutosha.

Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Kemia ya Max Planck iliyoko Mainz, Ujerumani, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya kuvibana vitu hivi viwili kwa pamoja. Walichukua mchanganyiko wa maji na kabonidayoksaidi, wakaubana, kisha wakaupasha moto kwa leza. Walipata asidi ya kaboni ikiwa kitu kigumu. Zaidi ya hapo waligundua kwamba, shinikizo likizidi gigapaskali 2.4, ambazo ni karibu angahewa 24,000, na joto likipita nyuzi 110 za Selsiasi, asidi hii huwa sehemu kubwa ya mchanganyiko hata ikiwa imezungukwa na maji yaleyale yanayoivunja kwetu. Mwaka 2022 watafiti wengine nchini Ujerumani, wakitumia nyutroni na maji mazito katika shinikizo la gigapaskali 1.85, walifaulu kuuchora mpangilio wa fuwele yake: molekuli za asidi zimekaa mbilimbili, kila moja imemshika mwenzake kwa hidrojeni.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Shinikizo hupendelea mpangilio unaochukua nafasi ndogo. Maji na kabonidayoksaidi vikikaa mbalimbali huhitaji nafasi kubwa kuliko vikiungana. Ukivibana, mizani huinamia upande wa asidi. Ukilegeza, mizani hurudi upande wa gesi. Wanajiolojia huona hapo dalili ya yale yanayotokea ndani ya dunia, mahali ambapo sakafu ya bahari huzamishwa chini ya mabara ikiwa na maji na kaboni yake. Wanaanga huona dalili ya matumbo ya sayari za mbali zilizojaa barafu. Mhudumu wa afya anaweza kuona jambo lililo karibu zaidi, kwa sababu mizani hiyohiyo imo katika damu ya mgonjwa aliye mbele yake.

Mizani hiyohiyo kitandani

Katika damu ya mtu mwenye afya, shinikizo la kabonidayoksaidi ni takriban milimita 40 za zebaki, yaani karibu sehemu moja ya ishirini ya angahewa moja. Ni shinikizo dogo sana likilinganishwa na lile la kati ya almasi, lakini mwili hulilinda kwa wivu. Kwa shinikizo hilo, bikaboneti ya damu huwa karibu mara 20 ya gesi iliyoyeyuka na asidi yake, na pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Shinikizo likipanda, mizani huinamia upande wa asidi. Likishuka, huinamia upande wa pili, na mtu huhisi ganzi za vidole na midomo, kama ilivyo kwa aliyepatwa na hofu akapumua kwa kasi kupita mahitaji yake. Figo zinaweza kurekebisha mizani, lakini huhitaji saa nyingi hadi siku kadhaa. Mapafu hurekebisha kwa dakika.

Hapo ndipo hesabu ya pumzi inapopata maana yake kamili. Kila pumzi inayotoka ni asidi inayoondolewa. Mgonjwa anayepumua mara 8 kwa dakika baada ya dawa kali ya maumivu au ya usingizi hakulala vizuri tu, kama ndugu zake wanavyoweza kudhani. Huenda kabonidayoksaidi inapanda katika damu yake. Hatari ni kwamba kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 98 huku hali hiyo ikiendelea, hasa kama anapewa oksijeni. Kifaa hicho hupima oksijeni peke yake, wala hakina habari na kabonidayoksaidi. Kwa sababu hiyo pia mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambaye mwili wake umezoea kubaki na gesi hiyo, mara nyingi huwekewa lengo la oksijeni la asilimia 88 hadi 92, si 100. Oksijeni ikizidishwa kwake, kabonidayoksaidi inaweza kupanda, naye akaanza kusinzia na kuchanganyikiwa.

Upande wa pili wa mizani una somo lake. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza upumuaji wa wagonjwa wa kisukari waliokuwa katika hali mahututi: pumzi nzito, za kina, zisizokoma, ilhali njia ya hewa haina kizuizi. Leo tunajua kwamba damu yao imejaa asidi nyingine, na mapafu yanajitahidi kutoa kabonidayoksaidi ili kupunguza mzigo. Vivyo hivyo, mtoto mwenye malaria kali anaweza kuvuta pumzi za kina kwa sababu ya asidi iliyolimbikizana, na mapafu yake yakisikilizwa yakawa safi. Pumzi hizo si usumbufu wa kutulizwa kwa dawa ya usingizi. Ndizo zinazomweka hai hadi tiba ya kiini cha ugonjwa ifanye kazi. Anayezizima kabla ya wakati huo anaufunga mlango pekee ambao asidi ilikuwa ikiutumia.

Kwa mzazi aliye nyumbani, ujumbe ni mfupi. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 anayefikia mara 50, na wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5 anayefikia mara 40, anapumua haraka kupita kawaida. Ahesabiwe akiwa ametulia, kwa dakika nzima, kisha apelekwe kituo cha afya. Na mtoto anayevuta pumzi nzito za kina asisubiri hesabu ifike hapo.

Shinikizo linapoachiwa ghafla

Kuna mahali ambapo kemia hii huwafikia watu bila kupitia ugonjwa wowote. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu la kabonidayoksaidi lililotiririka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 200. Kule chini, uzito wa maji huongeza shinikizo la takriban angahewa 20, na gesi iliyopanda kutoka ardhini ilikuwa imeyeyuka humo kwa miaka mingi, imetulia kama soda iliyofungwa. Maji ya chini yalipopanda, shinikizo lilipungua na gesi ikafumka. Kuanzia mwaka 2001 bomba la kudumu liliwekwa ili maji ya chini yapande kidogokidogo na kuachia gesi yake kwa utaratibu. Tunaweza kusema kwamba ziwa lilitafutiwa njia ya kupumua.

Wasomaji wa Goma na kando ya Ziwa Kivu wanaijua gesi hii kwa jina la mazuku. Hupenya kutoka katika miamba ya volkano na kutuama mabondeni na katika mashimo, kwa sababu ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Aliyesimama anaweza kuwa salama mahali ambapo mtoto mdogo, mnyama, au mtu aliyelala chini anakata roho. Wengi hudhani kwamba gesi hiyo huua kwa kuiondoa oksijeni tu. Kumbe huingia yenyewe katika damu na kuijaza asidi. Ikifika sehemu kumi katika mia za hewa, mtu huweza kupoteza fahamu katika dakika chache. Ndiyo maana anayekimbilia shimoni kumwokoa mwenzake huanguka juu yake.

Hatari hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, imeingia katika stoo zetu za chanjo. Tangu mwaka 2020, baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilisafirishwa katika barafu kavu, ambayo ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa. Kilo moja yake ikiisha kuyeyuka kuwa gesi hujaza zaidi ya lita 500. Basi isibebwe ndani ya gari lililofungwa madirisha, karibu na dereva. Isihifadhiwe katika chumba kisichopitisha hewa, wala chini ya ngazi, wala katika shimo. Isitiwe katika chupa au chombo chenye kifuniko cha kukaza, kwani gesi itatafuta nafasi na chombo kitapasuka. Isishikwe kwa mikono mitupu. Na mtu akianza kuumwa kichwa, kutweta au kuhisi kizunguzungu karibu nayo, atoke nje kwanza, maswali yatafuata.

Tulianza na faili lenye 20, 20, 20. Watafiti walihitaji almasi, leza na shinikizo la angahewa 24,000 ili asidi ya kaboni ikubali kuonekana. Wodini haihitaji yote hayo. Inajitokeza katika pumzi 34 za kina za kijana mwenye kisukari, au katika pumzi 8 za mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji, na wote wawili wanaweza kuandikwa 20 na mtu aliyekuwa na haraka. Mshale wa saa uzunguke mara moja, mzunguko mzima. Kisha iandikwe namba iliyohesabiwa.